Maboya ya Mtoto Niliyompa Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Naliweka hapa juu kabisa ili wewe unayesoma usihangaike kutafuta mwingine wa kumlaumu. Ni langu mimi na mdomo wangu huu, ambao ungekuwa mbwa ningeshaufunga mnyororo zamani. Na mzee kama mimi sina hata kisingizio cha ujana!

Naandika nikiwa na hasira. Nilidhani miaka ikipita itapoa. Haijapoa, na sasa sitaki ipoe.

Mnisamehe kwa mwandiko. Shule niliacha darasa la nne, ng'ombe wa baba walikuwa na haki kuliko mimi. Jina langu halina faida kwenu. La rafiki yangu nimelibadilisha, maana nimeshamtangaza vya kutosha. Tumwite Zakaria.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nililetwa huku Uswidi kijana, kujifunza kutengeneza mashine za kupasulia mbao, mafunzo ya miezi sita. Miezi sita ile haijaisha mpaka leo. Nikaoa Mswidi, nikaachwa na Mswidi, nikasafisha mabehewa ya treni mpaka magoti yakagoma, na sasa nakaa Bredäng, ghorofa ya sita, dirisha langu linatazama miti na nyuma ya miti kuna maji. Stockholm ndivyo ilivyo, ukigeuka tu kuna maji. Kumbukeni hilo.

Zakaria ni Mrundi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuja na mkewe, Mama Imelda, na binti yao Imelda, wakikimbia vita ya kwao. Wao wanakaa Hagsätra. Tulijuana kwenye ibada, kile kiukumbi cha kuazima kule Sundbyberg tunakokusanyika Jumapili, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Wakenya na sisi Watanzania wachache, kila mtu na Kiswahili chake.

Siku ya kwanza akanipa shikamoo. Mtu wa rika langu! Kumbe alipita upande wa Kigoma, kambini, akafundishwa kwamba Mtanzania usiyemjua mpe shikamoo utakuwa salama. Nikamwambia, acha hayo bwana, wewe Mrundi mimi Mnyamwezi, kuanzia leo sisi ni watani. Mtani hapewi shikamoo, mtani anaibiwa kuku. Akacheka sana. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine ila Mtani.

Sasa nani aliniambia Warundi na Wanyamwezi ni watani? Hakuna. Watani wetu ni Wagogo, ni Wazaramo, mambo ya tangu misafara ya mababu, yana mizizi yake na mipaka yake. Huu wa Zakaria niliutunga mwenyewe, palepale mlangoni, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Kwa vijana waliozaliwa huku niseme kidogo. Baba yangu alipokufa tulikaa tunalia siku mbili. Siku ya tatu akaingia mtani wetu mmoja Mgogo, kavaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anachechemea kama marehemu, akamfokea mama yangu kwa sauti ya marehemu kwamba ugali umechelewa. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajala tangu msiba, jioni ile akala. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu nikiwa mtoto, nikakua nikijua kwamba hakuna kidonda ambacho utani hauwezi kukikausha. Nilijua hivyo kama ninavyojua njia ya kwenda chooni.

Turudi kwa Zakaria.

Zakaria alikuwa anaogopa maji. Watu hawakujua, mimi nilijua. Treni ikipita darajani alifumba macho, anajifanya anasinzia. Akija kwangu Bredäng tulishuka hadi benchi la juu ya ufukwe, lakini yeye alikaa kwa kulipa ziwa mgongo. Wenzake wote wanatazama maji, yeye anatazama magari.

Kiangazi kimoja, tumekaa pale benchini, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba walipokimbia kwao boti iliwazamia ziwani, na yeye akaokoka kwa kukumbatia dumu tupu la mafuta. Sikumuuliza zaidi, kwetu mtu akikukatia kipande unakula hicho hicho. La pili lilihusu mjukuu. Imelda alikuwa na mtoto wa kiume, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiswidi, na alikuwa amefikisha miaka minne.

"Ananivuta mkono, Mtani, twende tukaoge ziwani," akasema. "Kila siku namwambia babu anaumwa mguu. Nataka anione nimekaa juu ya maji, hata mara moja, bila kutetemeka. Lakini peke yangu siwezi. Na watu wasijue kwa nini."

Watu wasijue kwa nini. Nimeyaandika tena maneno yake ili mnione vizuri nilivyo.

Mimi nikachukua jambo lile nikalifanya langu. Usiku sikulala, kesho yake nikapata jawabu. Bahari hapana, ziwa hapana. Mfereji! Kuna mfereji mkubwa, Göta wanauita, unakata nchi katikati, na watu hukodi boti nyembamba zenye vitanda na jiko, wakalala humo wiki nzima wakienda mwendo wa mtu anayetembea. Niliwahi kuuona nikiwa bado na mke Mswidi. Ni maji yaliyofungwa kamba pande zote mbili. Huku nyasi, huku nyasi, ukichoka unanyoosha mguu unakanyaga ng'ambo. Na wiki nzima kwa sababu hofu ni mgeni tu, na wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimwambia Zakaria hivyo hivyo. Akacheka. Akasema, "Basi nitafutie jembe."

Mnaona? Jambo lenyewe lilikuwa zuri! Ndiyo maana nakasirika.

Boti ni ya watu sita, nasi wawili na Mama Imelda tulikuwa watatu. Nikamwita Njeri, Mkenya, mwuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, mwanamke wa daftari na kalamu mbili. Nikamwita Papa Jerome, Mkongo wa Kindu, ambaye ujana wake wote alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mtoni. Watu watano. Kitanda cha sita Papa Jerome akakipa chakula, akasema samaki wa chumvi naye ni msafiri.

Tulipanga kwangu, kila Jumamosi mchana, majira ya kuchipua yote. Nawaambia hakuna kitu kitamu kama kupanga safari. Safari yenyewe ina mbu. Njeri alikuwa na ramani kaitandaza juu ya meza, kashikiza kona na vikombe, anatusomea masharti. Mimi niliwaambia boti tutaichukua kiangazi kikianza kukomaa. Akavua miwani.

"Mzee, huku watu wanahesabu wiki. Sema namba."

"Baada ya mvua za mwanzo."

"Wiki ya ishirini na nane," akasema, akaandika, akapiga mstari chini. "Na hii boti ni ya watu sita, hakuna kuongeza mtu hata wa kupakatwa. Nawajua."

Wiki ya ishirini na nane ni katikati ya Julai, na mfereji wakati huo unajaa kama soko. Nusu ya Uswidi iko humo. Njeri akatufundisha mambo ya sluss, yale malango ya maji. Boti inaingia kwenye shimo la mawe, lango linafungwa nyuma, maji yanaingia kidogokidogo yanakuinua kama mtoto anayebebwa, halafu lango la mbele linafunguka unaendelea. Na foleni ya boti nyuma yako, na watu wamesimama juu ukingoni wanalamba aiskrimu wakikutazama unavyohangaika na kamba.

Zakaria alisikiliza yote. Akauliza kina cha maji. Njeri akamwambia si kirefu, hata nyumba ya ghorofa moja haizami. Akauliza kama ndani ya sluss kuna ngazi. Iko, ya chuma, ukutani. Akauliza kitanda chake kitakuwa wapi. Nikamchorea mimi mwenyewe kwa kalamu ya Njeri, wewe na Mama Imelda mtalala mbele, hapa juu ya kichwa chako kuna kidirisha kinachofunguka, mtu unatokea. Akachukua ile karatasi akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Mama Imelda aliniambia baadaye kwamba kila jioni aliitoa akaitazama.

Papa Jerome, ambaye kwa Kifaransa chake mzee ni vieux, alishangaa maswali yale. "Vieux, huyu atanunua ile boti ao ataikodi?" Tukacheka. Zakaria naye akacheka, akanitazama mimi. Mtazamo wa mtu aliyekupa kitu umshikie.

Nami nilikuwa nimekishika. Mpaka Jumamosi ya mwisho.

Jumamosi ile watu wa ibada walikuja kutuaga. Ndiyo desturi yetu, mtu haendi safari hivi hivi kama mwizi. Wakaja na chapati, na sambusa, na maharage ya Kirundi ndani ya sufuria limefungwa kitambaa. Sebule yangu ndogo ikawa na watu kumi na tano, watoto wamo, yule mjukuu yumo, yuko chini ya meza na kigari chake. Furaha! Na mimi, watu wakiwa wengi na wanacheka, huwa sijiwezi. Mdomo unavimba.

Nilikuwa nimenunua zawadi. Yale maboya ya kupuliza ya watoto, ya kuvaa mikononi, mnayajua, ya rangi ya chungwa, yana picha ya bata. Niliyaona dukani nikamkumbuka Mgogo wetu na koti la marehemu. Nikasema moyoni, nitamcheka mpaka hofu itoke. Wallahi nilidhani namtibu.

Nikasimama. Nikapiga kijiko kwenye glasi. Nikasema ndugu zangu, mnafikiri mnamjua huyu. Hamumjui. Huyu ni nahodha. Wenzake walitoka Burundi kwa boti, yeye alitoka amepanda dumu la mafuta, kalikumbatia kama mke mpya, mpaka Kigoma, na dumu halikudai nauli. Nahodha wa Dumu! Sasa kwa kuwa mfereji hauna madumu, sisi wenzake tumemchangia chombo.

Nikamvalisha lile la mkono wa kulia. Halikupita kiwiko.

Watu walicheka. Nataka niseme ukweli, walicheka kwa sababu nilichekesha. Papa Jerome alifuta machozi. Njeri alicheka kwa kuziba mdomo. Hata mtoto alitoka chini ya meza akaruka ruka, akasema "Nahodha! Nahodha!" na ndilo neno la Kiswahili nililowahi kumsikia akilisema vizuri kuliko yote.

Mama Imelda hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani. Nilimwona. Nikadhani amechoka.

Zakaria alilivua lile boya taratibu, akalitazama, akaligeuza.

"Haya ni ya umri gani?" akaniuliza.

Nikasoma kwenye pakiti. "Miaka mitatu mpaka sita."

"Asante," akasema.

Akayakunja yote mawili, akayaweka mapajani, akakaa. Alikula chapati. Alitabasamu. Nilijipongeza! Nilijiambia ameipokea kiume, na kwamba sasa ananipikia la kwake, maana mtani hachekwi bure, lazima alipize. Nikaanza kulingojea.

Jumapili yake kule Sundbyberg kila mtu alikuwa Nahodha, Nahodha. Vijana mlangoni, Nahodha wa Dumu, leo umekuja na treni? Mama mmoja ambaye hata kwangu hakuwepo alikuwa na habari ile tayari. Jambo aliloniambia benchini, amelipa mgongo ziwa, sasa linatembea na miguu yake ukumbini na kila mtu analipa mkono. Na mimi nimesimama pembeni na kahawa, nafurahi! Nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi. Mungu angenitia bubu siku ile ningemshukuru.

Siku ya safari tukakutana Stesheni Kuu asubuhi, treni ya kwenda Norrköping, halafu basi. Njeri na daftari, Papa Jerome na samaki wake wananuka stesheni nzima. Zakaria na mkewe hawapo. Nikawaambia tulieni, hiki ndicho kisasi chake, yuko nyuma ya nguzo anatuchungulia. Nikazunguka nguzo moja moja kama mjinga, nacheka peke yangu, nasema toka bwana, nimekuona.

Njeri akapiga simu nyumbani kwao. Akapokea Imelda. Njeri akanipa, nikamwambia nipe baba yako. Akanijibu Kiswidi, na binti yule na mimi siku zote tunaongea Kiswahili. "Pappa är inte hemma." Baba hayupo nyumbani. Nyuma yake nikamsikia baba anakohoa. Kikohozi chake nakijua kama changu.

Treni ikaja. Tukapanda.

Hapo kuna kosa la pili, na hili sijawahi kumwambia mtu. Ningeweza kubaki. Hagsätra ni mstari wa kijani, si mbali. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nimekaa miezi nampangia mtu safari, nimemchorea mpaka kitanda, halafu anashindwa utani mdogo! Njia nzima nilimsema. Nikawaambia wenzangu Mrundi huyu hana kifua. Nikasema mengine ambayo siandiki. Njeri akatazama dirishani. Papa Jerome akaniambia kula samaki, vieux, mdomo upate kazi.

Siku mbili tulikwenda. Mfereji ni mzuri, sitadanganya. Ng'ombe wananywa maji wanakutazama. Foleni kila lango, boti za Wajerumani, za Wadenmaki, watu wamevaa kaptura na hasira. Kitanda cha mbele kilikuwa kimetandikwa shuka alizoleta Njeri. Hakuna aliyethubutu kulala pale. Tukaweka mifuko ya mkate.

Siku ya tatu, siku niliyosema tutaipa hofu jembe, tuko ndani ya sluss, chini kabisa, ukuta wa mawe unachuruzika kila upande na watu wako juu kichwani. Mimi nimeshika kamba. Simu ya Njeri ikalia. Akasikiliza, akabadilika uso, akaniletea. Alikuwa Mama Imelda.

"Mtani," akasema. "Nakuita hivyo kwa mazoea tu. Nataka ujue, halafu sitalisema tena. Imelda alikuwa na mdogo wake. Mimi na Imelda tulikuwa boti ya mbele. Mdogo wake na baba yao walikuwa ya nyuma."

Nikasema sikujua. Alikuwa bado anaongea.

"Dumu lilikuwa moja, na wao walikuwa wawili. Mtoto alimshika shingo. Alimshika mpaka alipochoka. Alikuwa na miaka minne. Wewe ukamletea maboya ya mtoto wa miaka minne, ukamvalisha mbele ya watu."

Akakata.

Sikumbuki kuachia kamba. Papa Jerome aliidaka, ananiita, vieux, vieux, vipi? Maji yalikuwa yameanza kuingia. Boti ikapanda. Kwanza nikawa usawa wa viatu vya wale watu wa juu, kisha magoti yao, kisha nyuso, na wote wananitazama mzee mweusi analia kamasi, aiskrimu zinawayeyukia mikononi. Huko ndiko maji yalikonipandisha.

Papa Jerome aliponiuliza nikamwambia. Akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Weye ulijua?"

"Dumu nililijua. Mtoto sikumjua."

"Na dumu nani alikwambia ulete mu watu?"

Ndilo swali. Yeye mwenyewe alikuwa amemwita Zakaria Nahodha mara ngapi kule ukumbini! Lakini alikuwa na haki ya kuuliza.

Lango lilipofunguka nikanyoosha mguu nikakanyaga nyasi, kama nilivyokuwa nimemwahidi Zakaria kwamba atafanya akiogopa. Sikuchukua hata mfuko. Nikapata basi, nikapata treni, nikapata treni ya chini ya ardhi mpaka Hagsätra, mwisho wa mstari, nimevaa kandambili.

Alifungua yeye. Amevaa shati limepigwa pasi. Tukatazamana.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Karibu ndani."

Angenipiga kofi ningeshukuru. Akanipa kiti, Mama Imelda akaleta chai na mkate, akaniwekea sukari mbele kama mgeni wa siku ya kwanza, wakati nyumba ile mimi nilikuwa najifungulia kabati. Nikaanza kusema. Nikasema sikujua, nikasema nilitaka kukuponya, nikamweleza hata habari ya Mgogo na koti la baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtu mwenye adabu sana, Zakaria.

"Sina hasira na utani," akasema. "Nilikupa kitu pale benchini, mzee. Nikakikuta mezani kwa watu, kimekatwa vipande kama keki."

Nikavuta kikombe karibu.

"Na mjukuu sasa ananiuliza dumu ni nini. Anauliza babu ulikuwa nahodha wa nani. Nimwambie nini?"

Mpaka leo sijui. Nilikunywa chai ile yote, ilikuwa ya moto na niliinywa hivyo hivyo. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akanibonyezea kitufe.

Nimetuma watu. Nimemtuma mchungaji. Nimepeleka mchele na kuku kwa mikono yangu, kwetu ukikosa unapeleka kuku. Kuku alipokelewa, nikashukuriwa. Ubaya ni kwamba utani hauna namna ya kuomba msamaha. Mtani akikuomba msamaha amekutukana. Zakaria angenilipiza, angeniibia, angenitia aibu mbele ya ibada nzima, tungekwisha. Nilimngojea anilipize miaka. Alijua nangojea, na hakufanya.

Na wako watu bado wanalisimulia! Juzi juzi kijana mmoja aliyehamia hapa ameniuliza, eti mzee, ni kweli kulikuwa na Mrundi mmoja aliyevuka ziwa kwa dumu? Anacheka. Nilimfukuza nyumbani kwangu na soda yake mkononi. Nina haki gani ya kumfukuza? Sina. Nilimfukuza tu.

Kiangazi kilichopita nilishuka hadi ufukweni kwetu. Imelda alikuwa pale na mwanawe. Amekuwa kijana, miguu mirefu, anaogelea anapiga maji kama mtu aliyezaliwa humo. Nikatafuta macho kule juu, kwenye benchi. Benchi lilikuwa tupu, hakuna aliyelipa maji mgongo. Imelda akanipungia mkono. Sikushuka zaidi.

Halafu, wiki ile ile, tukakutana uso kwa uso na Zakaria kwenye jukwaa la treni Stesheni Kuu. Amezeeka. Mimi pia. Nikasema moyoni labda leo, labda ataniita mwizi wa kuku, chochote. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitika marahaba. Ningefanyaje? Shikamoo haiachwi hewani. Treni yake ikaja, akapanda, akafumba macho kabla haijatembea, maana mbele kuna daraja.

Sasa wewe unayesoma, na unajijua kwamba ukiwa kwenye watu mdomo wako unavimba kama wangu. Mtu akikuambia jambo huku amekaa kwa kulipa maji mgongo, libaki hapo hapo benchini. Usilipambe, usilichekeshe, usijifanye mganga. Amekupa nusu, na hujui nusu nyingine ina nani ndani yake. Utani uliorithiwa una wenyewe waliouwekea mipaka. Ule wa kutunga mlangoni kwa kahawa hauna, na hakuna wa kukuzuia mpaka umefika kaburini kwa mtoto wa mtu.

Na kama unaye mtu anayekuita kwa jina la kipuuzi, anayekutukana ukichelewa, anayefungua kabati lako bila kuuliza, mshike. Kelele zake zisikutishe. Uogope siku atakapokuvulia kofia.